Salamu Ndani ya Nta

Kabla hujaniuliza kama siku ile nilikuwa na homa, nakujibu: sikuwa nayo. Pombe sijawahi kuionja, waulize ninaosali nao hapa Masasi. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, na nimestaafu na akili zangu zote. Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa ya mchana, nikiwa nimevaa miwani.

Mimi nakusanya mashine za kale za sauti. Wengine wanafuga njiwa, mimi nafuga hizi, na kila mtu na wazimu wake. Ninazo gramafoni nne za santuri, na kwa muda mrefu nilikuwa natafuta ile iliyozitangulia, fonografu, ambayo haitumii sahani bali silinda ya nta yenye ukubwa wa glasi ya chai. Watu hawajui tofauti yake. Gramafoni inasema tu. Fonografu inasema na inasikiliza pia: ukiongea ndani ya pembe yake ya bati, sindano inachora sauti yako kwenye nta, na ukiirudisha mwanzo unajisikia mwenyewe. Ndiyo maana wazungu wa zamani waliozunguka kukusanya nyimbo za watu walitembea nayo. Ubaya ni kwamba nta ni laini. Kila unapoipiga, sindano inaila kidogo.

Yangu niliipata Kitangari kwa Mama Tumaini, mjane mtu mzima, wa ukoo wa wale Wakristo wa mwanzo wa misheni. Nilimpa redio mpya ya sola, naye akanipa sanduku. Ndani yake mlikuwa na fonografu iliyokatika springi na silinda moja tu, imeviringishwa kwenye kitambaa, haina hata doa la ukungu.

"Humo yumo dada wa bibi yetu," aliniambia. "Anaitwa Foibe. Sisi hatujawahi kumsikia, Mwalimu. Mashine iliharibika kabla hatujazaliwa."

"Nikiitengeneza nitaileta, umsikie wewe kwanza."

"Haya. Mimi nataka hilo tu, nimsikie kabla sijafa."

Ilinichukua miezi miwili kuitengeneza springi. Siku mashine ilipokubali kuzunguka, ahadi ilinitaka nipande basi la Newala niende Kitangari. Sikupanda. Uroho wa mkusanyaji ni wa fisi, na siutetei. Niliivalisha silinda kwa vidole viwili nilivyoviingiza ndani yake, maana joto la kiganja peke yake linaweza kuiharibu, nikashusha sindano.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, kama mtu anapepeta mchele chumba cha pili. Kisha sauti ya msichana, karibu kabisa:

"Shikamoo."

Halafu kimya.

Nilielewa palepale kilichotokea siku ya kurekodi. Yeye aliambiwa aimbe kwenye pembe, na wengine wote wakaambiwa wasitoe hata kikohozi. Lakini mtoto aliyelelewa huku kwetu hawezi kufungua mdomo mbele za watu bila kuamkia kwanza. Akaiamkia pembe, akanyamaza akisubiri aitikiwe, na sindano ikaendelea kuchora kusubiri kwake. Hakuna aliyemwitikia.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Mimi nimeitikia shikamoo za wanafunzi maisha yangu yote, na kawaida ni kama sheria. Mdomo ulijibu wenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Nikasikia pumzi ikitoka kwenye pembe, ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo. Baada ya hapo ulibaki mkwaruzo mpaka mwisho.

Sikuogopa, niamini. Niliandika kwenye daftari: salamu, pumzi, hakuna wimbo. Nikaenda kubandika chai, nikakuta maji hayapo, maana bomba lilikuwa kavu siku ya tatu. Ndipo ikaja hodi.

Mlangoni alisimama binti wa miaka kumi na sita hivi, peku, amejifunga kaniki, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Aliponiona akapiga goti. Nikadhani ni mgeni wa jirani kutoka shamba, maana wa mjini hawana adabu hiyo.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Nimeitikiwa, nimekuja."

"Unataka nini, mwanangu?"

"Nitume."

Huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Mtoto akishakuamkia ukamwitikia, ni wako kwa siku hiyo, utamtuma hata kama kwao hukujui. Na mimi nilikuwa na kiu ya chai. Nikampa ndoo yangu ya kijani, niliyoiandika jina langu kwa rangi nyekundu kwa sababu ya wezi wa kwenye foleni.

"Kanichotee maji."

Uso wake ulibadilika. Hakukataa wala hakulia, alinitazama tu muda mrefu kuliko mtoto anavyomtazama mkubwa. Kisha akachuma jani kavu la mgomba uani, akalisokota kuwa kata, akaiweka kichwani na ndoo juu yake, akaondoka.

Hakurudi. Jioni nilimwuliza jirani, akasema hana mgeni. Nilikasirika, na nitakuwa mkweli, nilichokuwa nakiwazia ni ndoo.

Asubuhi Mama Tumaini alinipigia simu.

"Mwalimu, umefika Kitangari hukupita kwangu?"

"Shikamoo, mama. Mimi sijatoka Masasi."

"Marahaba. Mbona ndoo yako ipo huku bondeni, kisimani? Ya kijani, ina jina lako. Wanawake wameikuta alfajiri imejaa maji, na kata ya jani la mgomba juu yake."

Kutoka kwangu mpaka bonde lile si mwendo wa mguu wa alasiri moja, hata kwa kijana. Nikamweleza yote: salamu, marahaba yangu, binti, ndoo.

"Nnungu wangu," alisema mwishoni, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Umemtuma maji?"

Ndipo akanihadithia. Siku ile ya mashine, Foibe hakuimba. Alisubiri aitikiwe mpaka nta ikaisha, mzungu mwenye mashine akakasirika, watu wakamcheka kwamba ameamkia bati. Wakamtuma maji palepale na aibu yake. Zamani hizo maji ya watu wa juu mlimani yalikuwa bondeni, unashuka giza na kupanda jua kali. Mtungi wake ulikutwa kisimani umejaa, kata juu yake. Yeye hakuonekana tena.

Nilikata simu nikalia, mimi ambaye silii hovyo. Miaka yote hiyo alikuwa akisubiri mtu mmoja amwitikie. Mtu huyo nikawa mimi, na neno langu la kwanza likamrudisha kulekule alikopotelea.

Nilikwenda mbio kwenye fonografu, nikajaza springi, nikashusha sindano, maneno ya kumwambia nimeshayapanga. Ukaja mkwaruzo mtupu. Nikaitazama nta kwa kioo cha kukuzia: pale mwanzo, penye salamu, palikuwa laini kabisa, bila mchoro hata mmoja. Mpigo mmoja wa sindano haufuti hivyo, hilo nalijua vizuri kuliko wengi.

Kesho yake niliipeleka Kitangari, ahadi ikiwa imechelewa. Mama Tumaini alivaa nguo zake za kanisani, akakaa karibu na pembe, akasikiliza mkwaruzo mpaka mwisho, dakika mbili nzima. Hakunilaumu. Alisema, "Basi wewe ndiye uliyemsikia," akaniletea chai, nayo ikanishinda kunywa.

Tangu siku hiyo sijanunua mashine nyingine. Watoto wa mtaani wakiniamkia naitikia, kisha nasubiri waondoke wenyewe, na maji nachota mwenyewe na mgongo wangu huu. Wanasema Mwalimu amezeeka.

Nawe unayekusanya vitu vya kale, usinicheke. Ukikutana na mtu ndani ya nta aliyeamkia akanyamaza, mwitikie, maana kumwacha ni dhambi. Lakini akifika mlangoni kwako na kukwambia "nitume", kwa jina la Mungu, mpe kiti.