Kabari Zinazoelekea Masasi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Selestini Nachundu amepiga magoti katikati ya reli, kichwa chini, anatafuta mistari ya chaki. Nyundo ya ratili saba imelala kando yake juu ya kokoto. Mkononi ana vijibendera viwili vilivyokunjwa, kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Anasogea taruma moja la chini ya reli, anatazama, anasogea la pili.

Anapofika mwisho wa kona, kwenye tuta la daraja la Namkonda, maili tano kutoka stesheni ya Masasi, anasimama taratibu na kujifuta mikono kwenye kaptura.

"Kabari zimerudi nyuma," anasema. "Thelathini na moja zimerudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Saba zimetoka kabisa. Hizo hapo, zimelala kwenye kokoto."

Mwandishi wa makala haya anamwambia azigonge basi, garimoshi linaondoka Masasi saa moja na nusu. Selestini anatikisa kichwa. Leo hazigongi. Mwandishi, ambaye alikuja Masasi kuandika habari za bei ya korosho na sasa amesimama juu ya daraja lenye reli iliyolegea, anaanza kujuta kwa nini hakubaki sokoni.

Selestini ana umri wa miaka arobaini na saba. Ni mtu wa Newala, mtoto wa mkulima wa mihogo, na kazi yake ni kutembea. Kila siku, Jumapili peke yake ikitolewa, anatembea maili saba za reli kwenda na saba kurudi, akiangalia kama reli imeshikana na mataruma. Kwa kazi hiyo analipwa shilingi tisini na mbili kwa mwezi, pamoja na nyumba ya chumba kimoja na ukumbi katika kambi ya reli.

Mataruma ya njia hii ni ya chuma, maana mchwa wa huku humaliza taruma la mti kwa misimu miwili. Kila taruma lina masikio yaliyoinuliwa kutoka kwenye chuma chenyewe. Reli inakaa baina ya masikio mawili, na nafasi inayobaki inazibwa kwa kabari ya chuma, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Ukiigonga inakaza. Hakuna parafujo wala msumari. Kinachoshika garimoshi zima ni kabari hizo, mbili kwa kila taruma, na yule anayezigonga.

Na hapo ndipo hofu ya Selestini ilipoanzia, kwa sababu aliyezigonga za kona hii ni yeye.

"Mwaka hamsini na nane nilikuwa kwenye genge la kufunga reli," anasimulia. "Nyapara alituambia gongeni kabari kuelekea kule mzigo unakokwenda, ndiyo sheria. Na mzigo ulikuwa unakuja huku. Simenti, reli, mataruma yenyewe, vyote vilitoka Mtwara. Basi tukagonga kuelekea Masasi. Tulifanya kazi nzuri. Tulichinjiwa mbuzi."

Hakuna aliyewadanganya. Reli inapopitiwa na mzigo mzito husogea, kidogo sana, kufuata mzigo ule, mfano wa mkeka unavyoburutwa na mtu anayejikokota juu yake. Ikisogea inaivuta kabari. Kama kabari inaelekea huko huko, inakaza zaidi; ikielekea kinyume, inalegea. Lakini ujenzi ulikwisha, na mabehewa yanayokuja Masasi siku hizi ni mepesi. Yanayoshuka kwenda pwani ndiyo yamejaa korosho za Newala, Tandahimba na Mnyambe hadi mlangoni. Mzigo umegeuka. Kabari bado zinaelekea Masasi.

Aliligundua jambo hilo mwezi wa Agosti, alipokuta kabari kumi na tisa chini. Aliinua bendera nyekundu, akasimamisha gari. Kisha, kama kazi inavyomtaka, akazigonga zote zikarudi mahali pake. Mkaguzi wa njia alikuja na toroli siku ya pili yake, akaitazama kona, akakuta kila kitu kimekaza sawasawa. Aliuliza kilichosimamisha garimoshi ni nini. Selestini hakuwa na cha kuonyesha.

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya onyo. Akisimamisha gari mara ya pili bila sababu, kazi hana, na nyumba hana.

"Nilijifungia mlango mwenyewe," anasema. "Ningeziacha, gari lingeanguka. Nilipozigonga, nikawa mwongo."

Tangu hapo anazigeuza kabari za kona hii peke yake, kimyakimya, katikati ya gari moja na jingine. Kona ina mataruma mia mbili na ishirini, kwa hiyo kabari mia nne na arobaini. Anatoa moja, anaigeuza ielekee pwani, anaigonga, anaacha mbili, anatoa nyingine. Kazi hii hakutumwa na mtu, na akikutwa na kabari mkononi itambidi aeleze. Amegeuza mia moja na ishirini na sita. Msimu wa korosho umemkuta hapo.

Juzi Jumanne, kabla gari la korosho halijapita, alichukua chaki ya mtoto wa jirani akachora mstari kwenye kila kabari, ukavuka mpaka kwenye sikio la taruma. Kabari ikisogea, mstari unakatika. Leo Alhamisi ndiyo anaisoma hiyo chaki. Kwenye kabari alizozigeuza, mistari imenyooka yote. Iliyokatika yote iko kwenye zile za zamani.

Huu ndio ushahidi aliokosa Agosti. Akizigonga sasa, ushahidi umekwisha. Asipozigonga, garimoshi linakuja.

Hapo mwandishi anauliza swali ambalo anatamani asingeliuliza: leo gari limepakia nini?

Selestini anaangalia upande wa Masasi. "Korosho behewa kumi na moja," anasema. "Na la abiria nyuma." Anaikunjua bendera nyekundu. "Mke wangu yumo. Binti yangu yumo. Na mjukuu, ametimiza arobaini Jumatatu."

Veridiana, binti yake, ameolewa Mtwara. Alikuja kujifungua uzazi wa kwanza kwa mama yake, kama desturi inavyotaka, na sasa mama yake anamrudisha kwa mumewe. Mtoto ni wa kiume. Amepewa jina la babu.

Jumapili baada ya misa Selestini alimwomba mkewe, Yuliana, wapande basi. Alilazimika kumweleza sababu. Anasema Yuliana alisikiliza mpaka mwisho, huku anakunja nepi, kisha akamwuliza neno moja ambalo hajalala vizuri tangu alisikie.

"Baba Veridiana, sisi tutapanda basi. Na wenzetu watakaokuwa ndani ya behewa, utawaambia nini?"

Yuliana akakata shauri kwamba watapanda garimoshi, na asibembelezwe tena.

Saa moja na dakika ishirini. Selestini anatembea haraka kurudi upande wa Masasi, mwandishi anamfuata mbiombio. Nusu maili kabla ya kona anatoa mfukoni fataki tatu za reli, vibati bapa vyenye baruti ndani, anazifunga juu ya chuma, hatua kumi baina ya moja na nyingine. Gurudumu likizikanyaga zitalia. Ya tatu inamponyoka mara mbili.

Mwandishi anamsihi. Jamani, si bado kuna dakika? Arudi azigonge, hata zile saba tu zilizotoka! Mkaguzi atakuja siku nyingine, chaki itachorwa tena. Selestini anasikia, maana anasimama na kuitazama nyundo. Anakiri baadaye kwamba hapo alikaribia sana kurudi.

"Nikizigonga leo, nani atazigonga Jumamosi nikiwa na homa?" anasema. "Hapana. Waone kwa macho yao."

"Na dereva asipoona bendera?"

"Ndicho ninachoogopa," anajibu. "Usiniulize tena, mwanangu."

Linasikika kabla halijaonekana. Kwanza reli inaanza kuimba chini ya miguu, halafu moshi unachomoza nyuma ya mikorosho. Selestini anasimama katikati ya njia, bendera nyekundu ameinyoosha juu kwa mikono miwili. Midomo yake inacheza. Anasali Salamu Maria, lakini anarudia mwanzo tu, hafiki mwisho.

Gari linateremka. Halipunguzi mwendo. Mwandishi amekwisha kuruka mtaroni, wala haoni haya kulisema. Fataki ya kwanza inalia, paa! Ya pili. Ya tatu. Breki zinapiga yowe, mabehewa yanasukumana moja baada ya moja, na Selestini anatoka njiani pale ambapo joto la injini linamfikia usoni. Garimoshi linapita mbele yake likiburuza, linapita, linapita. Linasimama zimebaki hatua arobaini kufika kwenye kabari ya kwanza iliyokatika mstari.

Kisha mtoto mchanga anasikika akilia katika behewa la mwisho, na Selestini anakaa chini kwenye kokoto.

Wa kwanza kufika ni Cuthbert, gadi, yaani msimamizi wa gari, mtu mrefu wa Masasi mwenye kofia iliyopigwa pasi. Tayari ameshika daftari lake na kalamu. Anamkumbusha Selestini kwamba hii ni mara ya pili, na kwamba yeye Cuthbert hana budi kuandika. Dereva, Mahmudu, anakuja nyuma yake akifuta jasho, amekasirika kwa sababu ameogopa.

"Njoni mwone," Selestini anasema. "Sijagusa kitu."

Wanatembea naye mpaka kwenye kona. Mahmudu anainama na kuichomoa kabari moja kwa vidole viwili, bila nyundo. Anaitazama kiganjani, na hasira zote zinamtoka. Cuthbert yeye ni mtu wa utaratibu. Anavua kofia, anapiga magoti na suruali yake safi, na anaanza kuhesabu mistari iliyokatika, akisogea taruma kwa taruma kama alivyokuwa anasogea Selestini alfajiri. Anahesabu na iliyonyooka. Anauliza kwa nini hizi na si zile. Anaelezwa. Anaandika ukurasa mzima, anageuza, anaandika mwingine, halafu anatia mfukoni kabari moja iliyodondoka, aipeleke Mtwara pamoja na maandishi yake.

Selestini anampa na nyingine. Hii ni ngeni, imefuliwa kwa springi ya lori na shemeji yake Dastani, mhunzi wa Newala. Mkia wake umepasuliwa katikati. Wazo Selestini alilitoa kwenye shoka: ncha ya mpini hupasuliwa ikatanuliwa ili shoka lisichomoke. Kabari hii ikishakaza, unatanua mkia wake kwa tindo, haiwezi kurudi nyuma hata mzigo ugeuke mara ngapi. Alianza na ya bati la debe, akaja ya mti, hii ya chuma ndiyo ya tatu.

"Waambie si maringo," anamwambia Cuthbert. "Waambie ni woga tu."

Abiria wanateremshwa wapite kona kwa miguu. Selestini na Mahmudu wanagonga kabari zote zilizolegea, na injini inapitishwa polepole, mwendo wa mtu na mzigo kichwani. Veridiana anamwamkia baba yake, shikamoo, anaitikiwa marahaba. Yuliana anasimama mbele ya mumewe, mjukuu mgongoni. Hawashikani mikono, si desturi mbele za watu. Anamtazama tu, na anampangusa vumbi begani kabla ya kupanda.

Ofisi itasema nini, hakuna anayejua. Huenda ikasoma kurasa za Cuthbert, huenda ikahesabu tu kwamba amesimamisha gari mara mbili na kumfukuza. Selestini anasema wakimpa watu wanane, kabari za kona hii na nyingine tatu zitageuzwa kwa wiki mbili. Wasipompa, ataendelea peke yake mpaka siku atakayonyang'anywa nyundo. Anaogopa siku hiyo. Anaiogopa Jumamosi zaidi, maana kuna behewa kumi na tatu.

Yuliana atarudi baada ya wiki tatu. Mwandishi anamwuliza Selestini anataka nini siku hiyo.

Anafikiri, macho yakiufuata moshi unaopotelea bonde la Lukuledi.

"Nataka apite hapa amesinzia," anasema. "Asijue hata kama kuna kona."

Kisha anaokota nyundo, anapiga magoti kwenye taruma linalofuata, na kuitoa kabari ya mia moja na ishirini na saba.