Bega Lililogeuka Kwenye Picha

Shangazi yangu hushona kwa kukumbuka. Si kwamba anapenda. Simu ya nyumbani ni moja, nayo hushinda mfukoni mwa mumewe, fundi bomba ninayemwita mjomba. Wateja hutuma picha za mishono kwenye simu hiyo, picha zinazurura mjini kutwa, zinaingia chini ya masinki ya watu, jioni zinarudi zikinukia kutu. Mjomba akienda kuoga humfungulia shangazi picha tu, bila maneno yaliyokuja nayo, na kuiacha simu juu ya stuli. Shangazi huitazama picha bila kupepesa mpaka maji yanyamaze bafuni, kisha hufumba macho na kupapasa njia hadi kwenye meza ya kukatia, taratibu, kama aliyebeba maji viganjani. Hapo chaki hutembea yenyewe. Mimi ninayekaa kwao nikisoma huwa nawaza, hivi huko nyuma ya kope zake kuna kabati kubwa kiasi gani?

Ukimuuliza mjomba kwa nini shangazi asiwe na simu yake, anacheka. Nyumba moja, simu moja, na yeye ni mfuko tu wa kuibebea. Si mtu mkali. Ila namba wanayopiga wateja ni yake, imeandikishwa kwa jina lake, na anayewajibu ni yeye, spana mkononi.

Ndipo akaja nesi mmoja kijana. Alipimwa, akaacha kitambaa cha kijani kilichofifia, rangi ya maji ya kisima ukichungulia, akarudi kwenye hospitali yake mji wa mbali. Alitaka gauni la bega moja la kusimamia harusi ya dada yake. Baadaye akatuma picha aliyojipiga mwenyewe, mtandio kautupia kwenye bega analotaka lifunikwe, na chini yake ameandika anaomba waongee kidogo kuhusu hilo bega. Mjomba wakati huo kalala chali chini ya sinki. Akamjibu kwa alama ya kidole gumba.

Jioni shangazi aliuliza kama picha imekuja na neno lolote. Sauti ya mjomba ikatoka bafuni kwamba lilikuwepo, limeshajibiwa.

Basi akashona. Jumamosi mchana nilisinzia kwa mlio wa cherehani, nikaota kile kitambaa kinatiririka dirishani na sisi wote tunaelea juu yake, shangazi mbele, pini mdomoni.

Nesi alikuja siku moja kabla ya harusi. Alitoka nyuma ya pazia gauni likimshuka kama mvua ya rasharasha, nami nikasahau kufunga mdomo. Kisha mkono wake ukapanda polepole kwenye bega la kushoto, lililokuwa wazi. Pale palikuwa na kovu la moto, pana, linang'aa. Lililofunikwa lilikuwa la kulia.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Fundi, nilikuomba tuongee."

"Niliambiwa umeshajibiwa, mwanangu."

"Nilijibiwa kwa kidole gumba."

Akatoa simu yake, akatuonyesha ile picha. Maandishi kwenye fulana yake yalikuwa yamegeuka, yanasomeka kinyumenyume. Nikamweleza shangazi kwamba simu nyingine, ukijipiga picha, zinakugeuza kama kioo. Kushoto kunakuwa kulia. Darasani kwetu kila mtu anajua. Shangazi akagusa kioo cha simu kwa ncha ya kidole, kama anayepima kitambaa. Hajawahi kujipiga picha maishani mwake.

Masalio ya kitambaa yalitosha bega la pili. Nesi alisubiri amejifunga shuka, na gauni likawa la mabega mawili, zuri, lakini si lile aliloliota. Alishukuru kwa sauti ya mtu aliyekaribishwa chai ya uvuguvugu. Mlangoni akageuka.

"Wenzangu kazini wanatafuta fundi wa sare. Nikikutaka wewe, siyo mzee, nipige namba gani?"

Shangazi alikung'uta chaki viganjani. Mwisho akamwomba asubiri mpaka Jumatatu.

Mjomba aliposimuliwa alisikitika kwelikweli. Akaahidi kwamba kuanzia sasa atamsomea kila ujumbe, neno kwa neno. Shangazi aliendelea kuokota pini sakafuni.

"Kwani simu yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ni yako."

Mjomba aliitoa simu mfukoni, akaigeuza, akairudisha.

Jumatatu shangazi alinipitia shuleni, tukaenda duka la simu. Alichagua iliyotumika, yenye ufa pembeni. Dada wa dukani akauliza kama laini iandikishwe kwa jina la mzee. Shangazi akasema mzee anayo yake.

Njiani aliishika kwa mikono miwili kama kifaranga, akapiga namba ya nesi, niliyoinakili daftarini kutoka simu ya mjomba. Ikaita kwa muda mrefu. Nikaiona ile sauti ikipita juu ya mabati na waya za umeme, ikibisha dirisha moja baada ya jingine, ikimtafuta. Nesi akauliza ni nani. Shangazi akanitazama mimi, kisha akaacha kunitazama.

"Mimi fundi. Mimi mwenyewe."

Nesi alisema sare za wanaume ameshampa fundi mwingine, zimebaki za wanawake tu. Shangazi akachuchumaa palepale kando ya njia, akaanza kuuliza maswali yake, na kila jibu likizaa swali. Nikavua begi langu nikalikalia. Niliona wazi kwamba hapo hatuondoki upesi.