Rada Niliyoilenga kwa Macho

Naitwa Rehema, Mnubi wa hapa Kampala. Nilikuwa fundi wa umeme wa magari Kisenyi, mwanamke pekee gereji nzima, na nilikuwa na kiburi. Sikupenda kuulizwa mara mbili.

Siku moja Wafula, Mkenya muuza nguo za jumla, alileta gari lake. Lilikuwa la kisasa: kwenye barabara kuu linafuata gari la mbele na kufunga breki lenyewe. Bodaboda ilikuwa imeligonga mbele. Nyuma ya bampa kuna rada, sensa inayopima umbali wa kilicho mbele, na kishikio chake kilikuwa kimepinda. Nilikinyoosha kwa nyundo. Kifaa cha kuilenga hatukuwa nacho, nikailenga kwa macho. Taa ya onyo ikazimika.

"Imepona," nikamwambia. "Twende tukajaribu."

Kwenye barabara ya Entebbe, Wafula akiendesha, tulikuwa nyuma ya lori la nondo.

"Toa mguu kwenye pedali," nilimwambia Wafula. "Acha gari lifanye kazi."

Lori lilisimama ghafla. Gari letu halikupunguza mwendo lenyewe. Wafula alipiga kelele, kioo kikatupasukia usoni.

Nondo iliingia chini ya bega langu la kushoto, ikatokea mgongoni, ikanipigilia kwenye kiti. Damu ilijaa kinywani. Kila nikivuta pumzi, kifua kilipiga mluzi. Mwanamume mmoja aliishika nondo aivute.

"Banange, usichomoe! Atakufa!" mama mmoja alimfokea, akampiga mkono.

Wakaikata kwa msumeno wa chuma. Kila msumeno ulipopita, mifupa yangu yote ilitetemeka. Nilijikojolea. Nilimng'ata Wafula mkono, naye, pua imevunjika, hakukiachia kichwa changu alichokishikilia.

"Pafu limetoboka, nnyabo," daktari alisema hospitalini. "Tunaweka mpira ubavuni sasa hivi, utoe hewa na damu."

Walinipasua ubavu nikiwa macho. Wiki ya pili kidonda kikaoza. Usaha ulinuka hadi dada yangu Zamu akajifunga kitambaa puani akiniosha. Mkono wa kushoto ulilala kama wa maiti.

Wafula alipokuja kuniona, nilimuuliza, "Ulitoa mguu kwenye pedali nilipokwambia?"

"Sikutoa. Niliogopa. Nilikanyaga breki mwenyewe, lakini nilichelewa."

Nikalia. "Rada sikuipima, Wafula. Nilikudanganya."

Aliinuka akaondoka. Alirudi baada ya mwezi. "Bado nina hasira," alisema. "Lakini pona kwanza."

Nimepona, ingawa vidole viwili vya mkono ule havihisi kitu. Namshukuru Mungu, na Zamu, na madaktari, na yule mama nisiyemjua jina. Wewe uliye na mpira ubavuni leo, kohoa hata ukilia. Ndivyo pafu langu lilivyofunguka. Wenye magari haya, taa kuzimika hakumaanishi kwamba sensa inaona. Ulizeni imepimwa kwa kifaa gani. Na fundi mwenzangu, kama hujui, mwambie mteja hujui. Mimi maneno hayo yalinishinda, na mtu aliniamini.