Fumanizi la Ugali na Mlenda

Ndugu zangu, nicheke mwenyewe kwanza. Mke wangu Mama Yohana, mkongwe mwenzangu, alianza kuamka mapema, anaoga, anapika ugali na mlenda, anafunika, huyoo Chimwaga. Mimi naachiwa kiporo. Kiporo nakipenda, lakini si cha mlenda. Nikasikia huko kuna mtawa wa Kibudha, mgeni, kipara kinang'aa, anafundisha watu kukaa kimya. Sasa kukaa kimya nako kunafundishwa? Wivu ukanipanda, nikaona mke ndiye huyo anakwenda, nikachukua fimbo nikamfuata.

Kuchungulia, Mama Yohana kapiga magoti, anamtengea yule bwana chakula juu ya kitambaa! Nikaingia na viatu vyangu.

"Wewe! Huo ugali ni wangu!"

Watu waliokuwa wamefumba macho wakafumbua, akiwemo mkwe wangu, mke wa Yohana.

"Baba Yohana," mke wangu akasema taratibu, "huyu hapokei kitu mkononi mwa mwanamke, ndiyo maana ya kitambaa. Tunamlisha kwa zamu. Leo yangu."

Mtawa hajui Kiswahili. Aliona fimbo imeelekea bakuli, akadhani mzee ana njaa, akanisogezea kwa mikono miwili.

"Kula basi, mume wangu," akasema Mama Yohana. "Wote tunakutazama."