Jani Lisilo na Sisimizi

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu hakufunga chakula kwa jani la mgomba mpaka aone sisimizi juu yake. Alisema jani lililokimbiwa na sisimizi limelaliwa na mzimu, na anayekula chakula juu yake anakula na mzimu huo.

Tulikaa Muleba. Ilikuwa miaka ya ujamaa, na shuleni tulifundishwa kwamba wadudu huleta maradhi. Niliamini shule.

Siku moja Bibi alinituma kibanjani, kwenye migomba na kahawa nyuma ya nyumba, nikate majani ya kufungia samaki. Migomba ya karibu ilikuwa na sisimizi. Nikaenda hadi chini, kwenye migomba iliyo kati ya mibuni, nikapata majani yasiyo na mdudu hata mmoja. Niliyababua motoni yalainike. Yalitoa harufu kama ya kiberiti. Nikafunga samaki, nikapanga vifurushi juu ya ndizi chunguni, nikafunika.

Bibi alikuwa bado kwa jirani chakula kilipoiva. Mdogo wangu Muta, wa miaka mitatu, alilia njaa. Nikampa kifurushi kimoja. Alimaliza samaki, akalamba na jani.

Bibi aliporudi aliokota jani lililobaki, akaligeuza pande zote.

"Koku, hili umelikata wapi?"

"Kule chini kwenye kahawa, Bibi. Ni safi, halina wadudu."

"Safi! Sisimizi hawajasoma darasa lenu, lakini wanajua pa kupita. Nani amekula?"

Muta alikuwa analamba vidole.

Bibi alimwaga chungu chote shimoni, akafukia ili mbuzi wasifike. Kisha akampakata Muta. Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikasikiliza anavyopumua, nikaenda tena mlangoni. Jua lilikuwa halijazama Muta alipotapika. Akatapika tena, akalegea.

"Mwache, waitu," Bibi aliuambia mzimu, kwa neno letu la heshima. "Huyu hana kosa. Mkosaji ni yule pale."

Alininyooshea kidole. Nilisimama palepale, nikingoja kuchukuliwa.

Hakuna aliyenichukua. Muta alilala kidogo, akaamka akiomba ndizi. Baba alirudi kutoka mkutano wa kijiji, akasikiliza, akashika kichwa. Asubuhi ile alikuwa amepulizia mibuni kwa bomba dawa ya wadudu aliyoleta bwana shamba, na hakumwambia mtu.

Bibi alimgeukia.

"Kumbe mzimu wenu siku hizi unabeba bomba," alisema.

Baadaye niliingia kazi ya habari, nikajifunza kutenganisha ninachojua na ninachodhani. Siku ile Muta alikuwa amekula pia mapera mabichi, kwa hiyo sitajua kwa hakika kilichomtapisha. Ninachojua ni kwamba Bibi alikuwa na kipimo, yaani sisimizi, na kilichowakimbiza alikiita mzimu; nami nilikisoma kipimo hicho kinyume.

Mwaka jana nilikuwa sokoni Bukoba nikinunua majani ya mgomba. Nililigeuza la kwanza, nikaligeuza la pili. Mwenye meza akacheka.

"Mama, usihangaike. Majani yangu hayana mdudu hata mmoja."

Nikayarudisha mezani, nikaenda meza ya pili.