Shangazi wa Annick

Kavugho, muuza dagaa wa mtaa wa Namuwongo, ana mdomo ambao soko zima linauogopa. Ni mjane, mkimbizi kutoka Butembo, Kongo, na mtoto wake ni mmoja tu, Annick, msichana wa miaka kumi na sita. Mtoto huyo alipochaguliwa kwenda Ubelgiji kusoma mwaka mzima, akae na familia ya mama mmoja aitwaye Marie-Louise, Kavugho alijitwika kazi ya kumfunda.

Akamfunda kwelikweli. Usiamke baada ya mama mwenyeji. Ukipewa chakula usichokijua, kula kwanza, uliza baadaye. Usijifungie chumbani ukinuna, maana wale hawatakuja kukubembeleza. Annick aliitikia kila neno kwa upole ambao hakuwa nao zamani, na mama mtu, masikini, akadhani binti amekua.

Jambo moja tu lilimkera. Kila Marie-Louise alipopiga simu ya video, Kavugho alikuwa hayupo. Mara yuko sokoni, mara mtandao mbovu, mara simu imekatika. Mwanamke ambaye hadanganywi bei na mtu yeyote alizimeza sababu hizo zote za Annick bila kutafuna.

Jumamosi moja alirudi kutoka soko la Kikuubo na pisi nzima ya kitenge cha maua ya manjano. Kipande cha Annick, cha Marie-Louise, na chake mwenyewe. Kwao, ukimkabidhi mwanamke mwenzako mtoto, mnavaa kitambaa kimoja, ijulikane kwamba mnamlea pamoja. Alimkuta Annick yuko kwenye simu. Kabla binti hajaizima, Kavugho alijipenyeza mbele ya kioo, akakifunua kitenge na kusalimia kwa Kifaransa chake cha shule ya masista.

Marie-Louise alifurahi hadi machozi yakamlenga. Akasema asante sana, shangazi. Annick alikuwa amewasimulia jinsi shangazi alivyomchukua na kumlea tangu mama yake auawe kule Kongo. Mama huyo, popote alipo, bila shaka anaona.

Neno moja tu lingetosha kuivunja safari palepale, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Kavugho. Akamtazama Annick. Binti alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo," Kavugho akamwambia yule mama. "Anaona."

Simu ilipokatwa, Annick alilia. Akaeleza kwamba wenzake walimwambia yatima ndio wanaochukuliwa upesi, akasema mara moja tu, kisha akakosa njia ya kurudi nyuma. Kavugho alimsikiliza, na kila neno likamchoma upya. Alivuka mpaka na mtoto huyu mgongoni, na mtoto huyuhuyu ndiye aliyemzika akiwa hai. Hakufoka. Aliketi sakafuni, akauliza kwa Kiswahili cha kwao Butembo, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Siku nitakufa kweli, utabaambia nini, juu bakuache ukuye kunizika?"