Magoti Themanini kwa Siku

Saa tano na nusu asubuhi, Teopista Nannozi anavuta pumzi, anaibana, kisha anafunua majani ya mgomba juu ya sufuria. Mvuke wa matoke unampiga usoni. Anageuza shingo, anasubiri, anarudi. Leo hajatapika. Bado.

"Tangawizi umekunywa?" anauliza jirani yake, Mama Kirabo muuza nyanya, hata salamu hajatoa.

"Nimekunywa."

"Ya moto?"

"Ya moto, ya baridi, ya kutafuna. Nimebaki kujipaka tu."

Teopista ana miaka ishirini na sita na mimba ya wiki kumi, ya kwanza. Anapika na kuandaa chakula katika kibanda kimoja sokoni Nyendo, Masaka, Uganda. Mchuzi unaopendwa hapo ni wa karanga na samaki wa moshi, na ndio unaomsumbua. Wiki iliyopita alikimbilia nyuma ya kibanda mara nne kwa siku moja. Mwenye kibanda, Mama Nalule, akamwambia wazi: akikimbia tena mbele ya wateja, Jumatatu anakuja mpishi mwingine.

"Simlaumu," anasema Teopista. "Nani atakula huku anasikia mtu anatapika? Lakini tumbo halipokei amri."

Tangu hapo kila mtu amekuwa daktari. Mwendesha bodaboda alimletea ndimu anuse. Mbeba mizigo alimwambia alambe chumvi. Ssenga wake, dada wa baba yake, alisafiri kutoka Kyotera na mumbwa, vile vijiti vya udongo na majani ya dawa ambavyo wajawazito husugua kwenye maji wakanywa.

"Mama yako alikunywa, ukazaliwa," ssenga alisema.

"Muuguzi wa zahanati amekataa. Anasema hajui kilichomo kwenye huo udongo."

"Huyo muuguzi ana watoto wangapi?"

Muuguzi alimshauri ale kipande cha muhogo mkavu kabla ya kutoka kitandani, asikae na njaa, anywe maji kidogo kidogo, na tangawizi kwa kiasi. Siku ambayo hata maji hayatakaa tumboni, aende zahanati haraka.

Muhogo ulimaliza shida ya asubuhi. Ya mchana ikabaki, na washauri wote wakabaki na tangawizi yao.

Sababu aliigundua mwenyewe juzi Alhamisi. Binti wa Kiganda hupiga magoti anapomwandalia mkubwa chakula. Sahani themanini, magoti themanini. Kila akiinuka, soko linazunguka na harufu ya samaki iko puani.

Alipomweleza ssenga, aliyekuwa amekaa pale kibandani, jibu lilikuja haraka: "Sasa wazee watupiwe chakula kama mbwa?"

Mzee Ssebuliba, fundi viatu anayekula hapo kila siku, aliweka kijiko chini. "Mimi niandalie ukiwa umesimama, binti yangu. Magoti uliyonipigia miaka mitatu yananitosha."

Mama Nalule aliguna. "Mteja akisema mwenyewe, sina neno."

"Ila," mzee akaongeza, "ungejaribu kulamba na majivu kidogo."

Hii ni siku ya tatu bila kukimbia, na wateja wengi wamemuiga mzee. Teopista anamwekea mzee sahani akiwa amesimama, kichwa kimeinama kwa adabu. Ssenga anatazama pembeni.

Mtoto akishakua kidogo, anataka kufungua kibanda chake mwenyewe.

"Mjamzito akija, sitamuuliza kama amekunywa tangawizi," anasema. "Nitampa kiti."